Umeme Unapokatika, Mfumo Wako Unabaki Wapi?

Somo kwa mtumiaji anayepanga huduma za kompyuta, kwa mfano wa kata ya Rau, Moshi

Somo hili limeandaliwa kwa ajili ya mtumiaji ambaye hesabu zake, orodha ya wateja wake au kumbukumbu za wagonjwa wake hazimo tena katika kabati la ofisini, bali zimo katika seva, yaani kompyuta ya kudumu inayohudumia kompyuta nyingine kwa njia ya mtandao. Mweka hazina wa chama cha akiba na mikopo, mwenye duka la dawa, mwendesha nyumba ya wageni, wakala wa safari za mlimani na msimamizi wa zahanati wote wamo katika kundi hili. Seva si yao. Wamepanga nafasi ndani yake kama mtu anavyopanga chumba katika nyumba ya mwenzake, na kila mwezi hulipa kodi. Mpangaji mwangalifu huuliza habari za maji na choo kabla ya kutoa kodi ya kwanza. Mpangaji wa seva mara chache huuliza habari za umeme.

Athari za kutouliza huonekana dirishani. Mwanachama amekuja kuchukua akiba yake ili alipe ada ya mtoto; anaambiwa mtandao haupo, arudi kesho. Mama mjamzito amefika zahanati usiku na kadi ya kliniki ameisahau nyumbani; kundi lake la damu na historia ya shinikizo lake la damu vimo katika mfumo, na mfumo haufunguki. Katika hali zote mbili fedha na taarifa zipo salama mahali fulani. Kinachokosekana ni njia ya kuzifikia katika saa zinapohitajika.

Tumeichukua Rau kuwa mfano kwa sababu hali yake ni ya maeneo mengi nchini. Iko jirani na mji wa Moshi, hivyo biashara zake zimezoea mifumo ya kisasa. Lakini pia ina msitu wa hifadhi, mto, migomba na miti mirefu, na nyaya za umeme hupita katikati ya vyote hivyo. Masika ya Machi hadi Mei yanapoingia, tawi moja lililolowa maji latosha kuutia mtaa mzima gizani.

Giza la mtaa na giza la gridi

Kwa mpangaji wa seva, kuna giza la aina mbili, na dawa zake hazifanani.

La kwanza ni giza la mtaa. Tawi limeangukia waya, fyuzi ya transfoma imeungua, au mafundi wamezima laini kwa matengenezo. Rau haina umeme, lakini Dar es Salaam unao. Ikiwa seva yako imewekwa katika kituo cha data cha Dar es Salaam, yenyewe haijui kwamba Rau kuna giza. Inaendelea na kazi, na wakala wako aliyeko Arusha anaitumia bila taabu. Aliyekatika ni wewe. Unachohitaji ni umeme mdogo wa kuendesha kompyuta mpakato, rauta na kisanduku cha faiba mpaka mafundi wamalize kazi.

La pili ni giza la gridi. Moshi haijitegemei kwa umeme. Maji ya mlima huu huteremka hadi bwawa la Nyumba ya Mungu, ambako kuna mitambo ya megawati 8 tu. Sehemu kubwa ya umeme tunaoutumia husafiri kutoka mbali. Bwawa la Julius Nyerere katika mto Rufiji pekee limejengwa kwa uwezo wa megawati 2,115. Umbali huo ni jambo zito kiasi kwamba Machi 2025 Serikali ilieleza mpango wa kununua umeme wa Ethiopia kupitia Kenya kwa ajili ya mikoa ya kaskazini. Kwa kuwa mikoa imeunganishwa, hitilafu ya mahali pamoja yaweza kuangusha sehemu kubwa ya nchi, kama ilivyotokea tarehe 1 Aprili 2024, Jumatatu ya Pasaka. Siku kama hiyo seva yako na wewe mwenyewe mko gizani pamoja, na swali linakuwa juu ya mitambo ya mtoa huduma.

Kuna seva ya namna ya tatu ambayo twaona ndiyo yenye hatari zaidi, ingawa mwenyewe huiona salama kwa kuwa anaiona kwa macho: ile iliyowekwa chini ya kaunta, au katika ofisi ndogo ya fundi wa mjini anayewahudumia wateja kumi kwa kompyuta moja. Seva hiyo huanguka kwa giza la mtaa na kwa giza la gridi pia. Huanguka hata uniti za LUKU zinapoisha usiku wa manane na mwenye ofisi amelala. Si aibu kumwuliza fundi wako ni nani anayeangalia mita.

Tukiwa katika LUKU, ipo kumbukumbu inayoonyesha kwamba jambo hili lina pande mbili. Mei 2021 mfumo wa kompyuta wa kuuza umeme ulipata hitilafu, na kwa siku kadhaa wateja wengi nchini walishindwa kununua uniti. Nyaya zilikuwa nzima na mitambo ilikuwa inazalisha, lakini nyumba ziliingia giza kwa sababu ya seva.

Betri hununua muda

Msaada wa kwanza umeme unapokatika ni betri. Tufanye hesabu yake taratibu, kwa kuwa hapa ndipo mtumiaji hupoteza fedha nyingi dukani.

Kifaa kiitwacho UPS huuzwa kwa namba kubwa iliyoandikwa juu ya boksi, kwa mfano 650 VA. Wanunuzi wengi huidhania namba hiyo kuwa kipimo cha muda. Sivyo. Hiyo yaeleza mzigo ambao kifaa chaweza kuubeba kwa wakati mmoja, wala haisemi kitaubeba kwa muda gani. Muda umo ndani ya betri, na betri ya UPS ya ukubwa huo kwa kawaida ni ya volti 12 na ampea-saa 7. Zidisha 12 kwa 7, upate wati-saa 84. Kompyuta ya mezani na kioo chake hutumia wati 120 hivi. Ukitoa kinachopotea ndani ya kifaa chenyewe, utapata dakika 10 hadi 20 betri ikiwa mpya. Hizo zatosha kuhifadhi kazi na kuzima kwa utaratibu. Kumhudumia mteja aliye mwisho wa foleni hazitoshi.

Sasa tuchukue betri kubwa ya volti 12 na ampea-saa 100, yenye inveta. Zidisha, upate wati-saa 1,200. Betri ya asidi na risasi haipendi kunyonywa hadi mwisho. Ukiipenda idumu, tumia nusu, yaani 600. Inveta nayo itakula sehemu yake, tuseme asilimia 15, zibaki 510. Kompyuta mpakato ya wati 40, rauta ya wati 10 na kisanduku cha faiba cha wati 10 vinafanya wati 60. Gawanya 510 kwa 60: saa 8 na nusu. Hiyo ni siku nzima ya kazi.

Betri hiyohiyo ukiifungia seva ya zamani ya wati 300, haitafika hata saa mbili.

Mafunzo mawili yamo katika hesabu hiyo. Mwenye ofisi ndogo Rau atapata unafuu zaidi kwa kuiweka seva mahali penye mitambo mikubwa na kubaki na vifaa vyepesi mezani, kuliko kwa kununua betri juu ya betri ili kuilisha seva ya ofisini. Na kabla ya kununua chochote, soma wati zilizoandikwa kwenye kibandiko nyuma ya kila kifaa, kisha ujumlishe. Printa ya leza isiingizwe kabisa katika betri. Inapopasha moto hunyonya mamia ya wati kwa mkupuo, na ni sababu ya UPS nyingi kupiga kelele na kuzima.

Betri huzeeka, na joto huiharakisha. Kanuni inayotumiwa na mafundi ni kwamba betri ya asidi na risasi iliyozoea nyuzi 25 hupoteza takriban nusu ya maisha yake joto lake linapopanda kwa nyuzi 10. Moshi mnamo Januari na Februari joto la mchana hupita nyuzi 30, na kabati lililofungwa chini ya bati hupita hapo kwa mbali. Betri iliyoahidiwa miaka mitano yaweza kuchoka kabla ya mitatu, nayo haitoi taarifa. Taa yake ya kijani itaendelea kuwaka mpaka siku umeme utakapokatika. Kwa hiyo chomoa UPS ukutani mara moja kila baada ya miezi mitatu, mchana, wakati hakuna kazi ya haraka, uhesabu dakika, uziandike. Dakika zikipungua hadi nusu ya zile za mwanzo, badilisha betri.

Paneli za sola ni nyongeza nzuri, na wengi hapa mlimani wamezifunga. Tahadhari yetu ni moja: miezi ya masika, ambamo matawi huanguka, ndiyo pia miezi ya mawingu mazito. Ukipima mfumo wako wa sola kwa jua la Februari, utakupungukia Aprili.

Jenereta isiyowaka

Kituo cha data hakitegemei betri kwa saa nyingi. Betri zake zimewekwa ili zishike mzigo kwa dakika chache, hadi jenereta za dizeli ziwake na kutulia. Kwa hiyo mtoa huduma akikuambia kwa fahari kwamba anayo jenereta, bado hajajibu swali. Swali ni lini iliwashwa mara ya mwisho ikabeba mzigo wote, na nani alishuhudia.

Usiku wa Ijumaa tarehe 25 Agosti 2023 umeme ulikatika karibu Kenya yote. Uwanja wa Kimataifa wa Jomo Kenyatta jijini Nairobi ulikuwa na jenereta, lakini ile iliyohudumia majengo ya abiria ya 1A na 1E haikuwaka. Abiria walikaa gizani, waziri wa uchukuzi akaomba radhi hadharani, na mkurugenzi mkuu wa mamlaka ya viwanja vya ndege akaondolewa. Uwanja ule haukukosa mashine. Ilikosekana hakika kwamba mashine itaitika ikiitwa.

Mara nyingi kinachoiangusha jenereta ni kitu kidogo: betri yake ya kuwashia, yenye ukubwa wa betri ya lori, imekufa kimya. Au dizeli imekaa mwaka mzima tangini ikaingia maji. Au mashine huwashwa kila wiki kwa dakika tano bila mzigo, ikatoa moshi mwingi, na kila mtu akaridhika. Jaribio la kweli ni kukata umeme wa ukutani kwa makusudi, mchana, wateja wakiwa wamearifiwa, na kuiacha jenereta ibebe kituo kwa saa moja au zaidi. Mtoa huduma anayefanya hivyo atakuwa na daftari la majaribio. Omba kuliona. Anayesema jaribio kama hilo ni la hatari amekujibu.

Hata jenereta inayowaka yahitaji dizeli, na dizeli yahitaji njia ya kufika. Kimbunga Sandy kilipopiga New York mwishoni mwa Oktoba 2012, jengo moja la Manhattan lenye seva za wapangaji wengi lilikuwa na jenereta juu, ghorofa ya 17, mahali pasipofikiwa na maji. Pampu za kupandisha mafuta zilikuwa chini, katika ghorofa ya ardhini, na maji yakazifunika. Wafanyakazi wa kituo pamoja na wa kampuni zilizopanga humo walipanga mstari kwenye ngazi, wakapandisha dizeli kwa ndoo na madumu usiku na mchana hadi dharura ilipopita. Twaheshimu juhudi zao. Lakini mpangaji hapaswi kuweka akiba ya chama chake juu ya mabega ya watu wanaopanda ghorofa 17. Muulize mtoa huduma tangi lake lina dizeli ya saa ngapi kwa mzigo wa leo, na ana mkataba na nani wa kuletewa nyingine barabara zikiwa zimejaa maji.

Baadhi ya vituo vina vyeti vya ngazi kutoka taasisi iitwayo Uptime Institute ya Marekani, ambayo hupanga vituo katika ngazi 4. Kwa mtumiaji, maana kubwa iko kwenye ngazi ya 3: sehemu yoyote ya mitambo ya umeme na ya kupoza hewa yaweza kuzimwa kwa matengenezo bila huduma kusimama. Ngazi ya 4 huongeza kwamba hata hitilafu ya ghafla katika sehemu moja haisimamishi huduma. Ukionyeshwa cheti, soma vizuri: kipo cha michoro ya kituo, na kipo cha kituo kilichokwisha kujengwa na kukaguliwa. Cha kwanza ni cheti cha karatasi.

Njia ya kuifikia seva

Tuseme seva iko hai, na wewe una betri. Bado kuna njia katikati, nayo ina umeme wake. Faiba hupita katika vituo vidogo vyenye vifaa na betri. Mnara wa simu nao una betri na mara nyingi jenereta. Giza likirefuka, betri hizo huisha, na simu yako huonyesha alama ya mtandao ikipungua hadi kutoweka.

Watu wengi hujikinga kwa kuweka laini mbili za mitandao tofauti. Ni wazo zuri, lakini lina shimo. Minara mingi nchini inamilikiwa na makampuni ya minara, kama vile Helios Towers, na mnara mmoja huweza kubeba mitandao miwili, mitatu, au zaidi. Laini zako mbili zaweza kuwa zinategemea betri moja juu ya nguzo moja. Njia bora kwa ofisi ni kuchanganya namna mbili, faiba pamoja na laini ya simu, na kufanya majaribio siku umeme umekatika kweli: andika baada ya saa ngapi kila moja ilinyamaza. Kumbukumbu ya miezi sita ya namna hiyo itakufaa kuliko tangazo lolote.

Na hata umeme ukiwapo kila mahali, bahari ina yake. Tarehe 12 Mei 2024 nyaya mbili za chini ya bahari, EASSy na Seacom, zilikatika kusini, na Tanzania ilikuwa miongoni mwa nchi zilizoathirika sana. Waliokuwa na seva Ulaya waliteseka. Aliyekuwa na seva ndani ya nchi alikuwa na njia fupi zaidi. Hatusemi kwamba seva ya nyumbani ni bora siku zote. Wakala wa safari wa Rau ambaye wateja wake wako Chicago anahitaji tovuti yake ifunguke kwao saa 7 mchana ya huko, ambayo hapa ni saa 3 usiku katika miezi ya Juni hadi Agosti, wakati pengine Moshi ni giza. Huyo atafaidika na seva ya nje. Chama cha akiba ambacho wanachama wake wote wanaishi kati ya Rau na Kiboriloni hakina sababu ya kupitisha kila muamala baharini.

Kuisoma asilimia

Mikataba ya huduma hizi huahidi upatikanaji kwa asilimia, na asilimia hupendeza machoni. Mwaka una saa 8,760. Asilimia 99 inamruhusu mtoa huduma kutoweka kwa zaidi ya saa 87, yaani siku tatu na nusu na ushei. Asilimia 99.9 inaruhusu saa 8 na dakika 45. Asilimia 99.99 inaruhusu dakika 52. Tofauti kati ya ahadi ya kwanza na ya tatu ni tarakimu mbili tu baada ya nukta, lakini kwa mteja aliye dirishani ni tofauti ya siku nzima na dakika. Zingatia pia kwamba zile saa 8 na dakika 45 zaweza zote kuangukia siku moja ya kazi, Jumatatu ya kufungua shule, na mkataba ukawa haujavunjwa.

Baada ya asilimia, tafuta ukurasa wa mambo yasiyohesabiwa. Hapo ndipo baadhi ya mikataba huandika kwamba kukatika kwa umeme wa gridi ni tukio lililo nje ya uwezo wa mtoa huduma. Ukikubali maneno hayo, umelipia mwavuli usiofanya kazi siku ya mvua. Umeme wa gridi kukatika ni jambo la kutarajiwa, na kujiandaa nalo ndiyo sehemu kubwa ya kazi unayomlipa mtoa huduma aifanye. Omba sentensi hiyo ifutwe, au angalau iwekewe kikomo, kwa mfano kwamba itahusu katizo linalozidi saa 48 mfululizo. Angalia pia saa huanza kuhesabiwa lini: huduma inapokatika, au wewe unapotoa taarifa. Na fidia inayotajwa kwa kawaida ni punguzo la kodi ya mwezi. Ukiwa unalipa shilingi 60,000 kwa mwezi na fidia ni asilimia 10, utarudishiwa 6,000, hata kama siku hiyo umepoteza wageni wa mlima.

Kwa sababu hiyo tunashauri mtumiaji ajipime kwanza. Nyumba ya wageni yenye vyumba vinane yaweza kukaa bila mfumo kwa saa nne na hakuna atakayeumia. Daftari la mapokezi latosha, na fedha ya ziada ya huduma ya juu ni heri ikanunue magodoro. Duka la dawa laweza kukaa saa moja. Zahanati isitegemee asilimia yoyote iliyoandikwa na mwanadamu: iwe na utaratibu wa karatasi uliozoeleka, vitabu vya MTUHA viwe karibu, na taarifa chache za lazima za wagonjwa walio karibu kujifungua zichapishwe kila jioni na kufungiwa kabatini. Muuguzi wa zamu ya usiku aonyeshwe kabati hilo na ufunguo wake.

Nakala si betri

Umeme unapokatika ghafla, seva inaweza kuwa katikati ya kuandika. Nusu ya muamala imeandikwa, nusu haikuandikwa. Umeme ukirudi, mara nyingi hurudi na volti zisizo tulivu kwa sekunde chache, na hapo ndipo diski na vifaa vya kuchajia huungua. Kwa seva iliyo ofisini, UPS iunganishwe kwa waya wa data ili iiamuru seva ijizime yenyewe betri ikibaki kidogo, na kifaa cha kuchelewesha umeme kifungwe ili usiingie mpaka utulie. Kwa seva uliyopanga, uliza nakala ya data huchukuliwa kila baada ya saa ngapi na huwekwa wapi. Nakala ya kila usiku maana yake uko tayari kupoteza miamala ya siku nzima.

Mahali pa nakala ni muhimu kuliko wingi wake. Tarehe 10 Machi 2021 kituo cha data cha kampuni ya OVHcloud huko Strasbourg, Ufaransa, kiliungua. Jengo moja liliteketea lote, na wateja ambao nakala zao zilikuwa palepale walizikosa pamoja na data zenyewe. Walikuwa wamelipia nakala, nazo zilikuwapo. Kwa chama kidogo, diski ya nje inayobebwa na mweka hazina na kufungiwa nyumba nyingine kila Ijumaa, ikiwa imefungwa kwa nywila, si teknolojia ya kujivunia, lakini haiungui pamoja na seva. Kumbukeni tu kwamba Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi, Na. 11 ya mwaka 2022, inawahusu: taarifa za wanachama zilizo katika diski hiyo ni dhamana, na atakayeipoteza njiani atawajibika.

Kupeleka lalamiko

Mtumiaji anayeteseka hueleza habari zake kwa ujumla: mtandao ni mbovu, kila siku haupo. Lalamiko la namna hiyo halina pa kushikwa. Weka daftari lenye tarehe, saa ya kukatika, saa ya kurudi, kama umeme wa mtaa ulikuwapo, na maneno yaliyotokea kwenye kioo. Piga picha ya kioo ikiwezekana. Mistari kumi ya daftari hilo itakuonyesha mwenyewe kama tatizo liko kwako, njiani, au kwa mtoa huduma.

Lalamiko huanzia kwa mtoa huduma mwenyewe, kwa maandishi, nawe ubaki na nakala iliyopokelewa. Asipojibu au asiporidhisha, suala la umeme, iwe ni katizo lisilotolewa taarifa au vifaa vilivyounguzwa na volti, baada ya TANESCO hupelekwa EWURA. Suala la intaneti na simu hupelekwa Mamlaka ya Mawasiliano Tanzania. Suala la taarifa binafsi zilizopotea au kuvuja hupelekwa Tume ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi. Na ahadi ya udanganyifu katika mauzo, kama UPS iliyotangazwa kudumu saa tatu nayo ikadumu dakika kumi, ni ya Tume ya Ushindani. Ambatanisha mkataba, risiti na kurasa za daftari. Kama hujui suala lako ni la ofisi ipi, liandike kama lilivyotokea na ulipeleke kwa ile unayodhani iko karibu zaidi nalo, ukiomba kwa maandishi uelekezwe.